Mkuu wa Usalama wa Mtandao Anayejua Kusoma Mizania

Mwaka 1994 Mrusi mmoja, Vladimir Levin, akiwa St. Petersburg, alipenya kwenye mfumo ambao Citibank iliwapa wateja wake wakubwa wa kuhamishia fedha. Akaanza kusukuma pesa za watu kwenda kwenye akaunti za Finland, Uholanzi, Israeli na kwingineko, jumla zaidi ya dola milioni 10. Benki iliwahi kuzirudisha karibu zote. Zilizoyeyuka ni takriban dola 400,000, kiasi kisichoweza kuitikisa benki ya ukubwa ule. Kilichowanyima wakubwa usingizi ni wateja. Habari zilipovuja, benki shindani zilianza kuwanyemelea wateja wanono wa Citibank na kuwaambia pesa zao zitakaa salama zaidi kwingine. Ndipo mwaka 1995 Citicorp, kampuni mama ya Citibank, ikamchukua Steve Katz kutoka J.P. Morgan na kumpa cheo ambacho hakikuwahi kusikika: mkuu wa usalama wa taarifa, ambaye leo watu wa fani wanamwita CISO. Alitakiwa ajenge kitengo cha usalama, na pia apande ndege akaonane na wateja hao ana kwa ana, awaeleze benki yao imebadilisha nini.

Kwa hiyo cheo hiki kilizaliwa upande wa biashara. Baadaye kikahamia chumba cha seva, na huku kwetu wengi bado wanakiona huko huko: kijana wa IT aliyepewa jina kubwa, anayeitwa kikaoni pale tu sistimu inapokuwa chini, au mkaguzi anapotaka kujua nywila zinabadilishwa kila baada ya siku ngapi. Vijana wenyewe wa fani wanafikiri hivyo hivyo. Wanaongeza cheti juu ya cheti, wanakuwa hodari wa kuchimbua mianya ya usalama kwenye programu, halafu wanashangaa nafasi ya ukuu inapokwenda kwa mtu aliyetoka ukaguzi wa ndani au kitengo cha mikopo, ambaye hata kusanidi fayawoli, ule ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandao, hajui.

Mara nyingi hapo hakuna upendeleo. Kazi ya juu ni kazi nyingine kabisa. Mtaalamu anaulizwa mwanya huu utazibwaje. Mkuu anaulizwa: tuuzibe, tuuache, au tuukatie bima? Itatugharimu kiasi gani kila upande, na nani mwenye haki ya kuamua? Swali hilo la mwisho ndilo linalowapoteza wengi, kwa hiyo tuanze nalo.

Hatari ni ya nani?

Ukiuliza ofisi nyingi, utaambiwa hatari za mtandao ni za mkuu wa usalama, ndiyo maana akaajiriwa. Jibu hilo linaonekana la busara na ndilo chanzo cha matatizo mengi. Mfumo wa mikopo ya simu unaleta mapato kwa idara ya mikopo. Mkuu wa mikopo ndiye anayepongezwa mikopo ikitoka haraka. Kama haraka hiyo inafungua mlango kwa matapeli, hatari ni yake, kwa sababu yeye ndiye anayekula faida yake. Wajibu wa mkuu wa usalama ni kuipima hatari hiyo, kuitia bei, kuleta njia mbadala, kuhakikisha taarifa imemfikia mwenye uamuzi, na kuweka uamuzi kwenye maandishi.

Akijitwika uamuzi mwenyewe, mambo mawili yanafuata. Kwanza anageuka Bwana Haiwezekani, na watu wanajifunza kumzunguka: mradi unaletwa kwake siku mbili kabla ya kuzinduliwa, matangazo yameshalipiwa redioni. Pili, siku ya balaa anajikuta peke yake.

Hakuna mahali jambo hili lilionekana wazi kama Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza historia za mikopo za watu. Machi 2017 ulitangazwa mwanya mkubwa kwenye Apache Struts, programu inayotumika kujengea tovuti. Equifax ikatuma barua pepe kwa zaidi ya watu 400 ikiagiza kiraka, yaani marekebisho ya kuziba mwanya huo, kiwekwe ndani ya saa 48. Kwenye mfumo mmoja mkongwe wa kupokelea malalamiko ya wateja, ambao mizizi yake ni ya miaka ya 1970, kiraka hakikuwekwa. Mtu aliyeujua mfumo ule hakuwa kwenye orodha ya barua pepe. Wadukuzi wakaingia Mei, wakakaa siku 76. Kifaa ambacho kingewaona kilikuwa kipofu, kwa kuwa cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimepitwa na muda kwa miezi 19. Taarifa za watu takriban milioni 147 zikachukuliwa. Mkurugenzi mtendaji akaondoka, mkuu wa TEHAMA na mkuu wa usalama nao wakaondoka, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa angalau dola milioni 575.

Mali bila daftari huisha bila habari, na Equifax haikuwa na daftari kamili la mifumo yake. Hilo limeandikwa sana. Ila kwenye ripoti ya kamati ya Bunge la Marekani, iliyotoka Desemba 2018, kuna sehemu ambayo kwangu ndiyo yenye somo kubwa zaidi kwa anayeutaka ukuu. Usalama ulikuwa chini ya mwanasheria mkuu wa kampuni. Kwa nini? Kwa sababu katikati ya miaka ya 2000 mkuu wa TEHAMA na mkuu wa usalama wa wakati huo hawakuelewana, ikaonekana heri watenganishwe. Wote wawili walishaondoka zamani, lakini muundo ulibaki. Anayejua mashine ziko wapi alikuwa upande mmoja, anayejua hatari iko wapi upande mwingine, na huyu wa pili hakuhesabiwa miongoni mwa viongozi wa juu. Ugomvi wa watu wawili uligeuka kuwa chati ya kampuni, na chati ikadumu zaidi ya miaka 10.

Ndiyo maana swali la "utaripoti kwa nani" si la kujitafutia heshima. Ukiwa chini ya mkuu wa TEHAMA, bosi wako anapimwa kwa miradi inayokamilika kwa wakati, na wewe ndiye unayeichelewesha. Ukiwa chini ya mwanasheria, uko mbali na mashine. Chini ya mkuu wa vihatarishi au mkurugenzi mtendaji sauti inasikika zaidi. Equifax ilipomleta Jamil Farshchi mwaka 2018, ilimweka chini ya mkurugenzi mtendaji moja kwa moja. Mimi naona jina la bosi lina uzito mdogo kuliko kitu kimoja: uwe na kikao chako na kamati ya bodi, angalau mara chache kwa mwaka, bosi wako akiwa nje ya chumba. Wakaguzi wa ndani wanacho kikao hicho siku zote. Wakuu wa usalama wengi hawajawahi hata kukiomba.

Kuitia hatari bei

Jack Jones, aliyekuwa mkuu wa usalama wa kampuni ya bima ya Nationwide huko Marekani, husimulia jinsi alivyopeleka mpango wake kwa wakubwa akiomba mamilioni. Akaulizwa: tuna hatari kiasi gani? Akajibu, kwa kifupi, nyingi. Na tukikupa hizi pesa zitabaki ngapi? Chache. Aibu ya jibu hilo ndiyo iliyomfanya abuni mbinu ya FAIR, inayokadiria hatari kwa mambo mawili: tukio litatokea mara ngapi, na kila likitokea litakula fedha kiasi gani. Mengine yote kwenye mbinu hiyo ni kuyavunja mambo hayo mawili vipande vidogo hadi yakadirike.

Tuione hesabu yenyewe. Chukulia SACCOS ya walimu, ya kubuni, inayotoa mikopo ya dharura kwa simu hadi shilingi milioni 1.5. Akiba hazitolewi kwa simu, kwa hiyo tuziweke kando. Matapeli wamegundua mchezo: wanaisajili upya laini ya mwalimu kwa hila, wanabadilisha PIN, wanaomba mkopo, wanautoa kwa wakala ndani ya dakika chache. Mwalimu anaamka asubuhi simu haina mtandao na ana deni asilolijua. Ukipekua daftari la malalamiko unakuta matukio kati ya 24 na 40 kwa mwaka, kila moja likila kati ya laki 7 na milioni 1.5. Hasara ya mwaka ni kati ya milioni 16.8 na milioni 60.

Kijana wa usalama anakuja na ankara ya mzabuni: mfumo unaoiuliza kampuni ya simu kama laini imebadilishwa karibuni. Milioni 60 mwaka wa kwanza, milioni 25 kila mwaka unaofuata. Anaeleza jinsi unavyofanya kazi, vizuri sana. Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mstaafu, anavua miwani.

"Mwanangu, tusiponunua?"

"Tutaendelea kushambuliwa, Mwalimu."

"Na tukinunua?"

"Watapungua sana."

Bodi inaahirisha ajenda. Kijana anarudi kwenye meza yake akilalamika kwamba wazee hawaelewi teknolojia.

Mwenye jicho la biashara angekuja na karatasi nyingine. Angeweka mezani njia ya pili: mwanachama akibadilisha PIN, mkopo wake wa simu usizidi laki 1 kwa saa 72. Mwandishi wa programu anataka milioni 4, mara moja. Matapeli wakiendelea kujaribu, hasara inashuka hadi kati ya milioni 2.4 na milioni 4 kwa mwaka. Halafu, na hapa ndipo penye tofauti, angekwenda kwa mkuu wa mikopo kumwuliza ni wanachama wangapi wa kweli wanabadilisha PIN na kuomba mkopo ndani ya saa hizo. Tuseme 30 kwa mwezi, na kila mmoja akipunguziwa mkopo SACCOS inakosa riba ya shilingi 20,000. Hiyo ni laki 6 kwa mwezi, milioni 7.2 kwa mwaka.

Kwa miaka 3, basi, kukaa kimya kunagharimu kati ya milioni 50.4 na milioni 180. Mfumo wa mzabuni ni milioni 110, hata tukikubali kwamba utazuia kila tukio. Kikomo cha saa 72 ni kati ya milioni 32.8 na milioni 37.6, ukijumlisha riba iliyokosekana. Mwalimu mstaafu hahitaji kujua lolote kuhusu laini za simu ili aamue.

Ile milioni 7.2 ndiyo inayomtambulisha mkuu. Mtaalamu huwa haihesabu kwa sababu haitoki kwenye bajeti yake. Inatoka mfukoni mwa mkuu wa mikopo. Ukiihesabu wewe kabla hajaidai yeye, anakuwa mwenzako kikaoni. Ukiisahau, atainua mkono mbele ya bodi na kusema mpango wako unafukuza wateja, na atakuwa na haki.

Kuna hesabu ya wanauchumi inayosaidia hapa. Mwaka 2002 Lawrence Gordon na Martin Loeb wa Chuo Kikuu cha Maryland walionyesha kwamba, katika mazingira mengi waliyoyachunguza, haifai kutumia zaidi ya asilimia 37 hivi ya hasara inayotarajiwa ili kuizuia hasara hiyo. Kwa SACCOS yetu, hata tukichukua makadirio ya juu ya milioni 60, dari ni milioni 22 na ushee. Si sheria ya Mungu, ila ukileta ankara inayoivuka mara tatu, jiandae kujieleza.

Makadirio yaletwe kama masafa, kutoka kiasi hiki hadi kiasi hiki, na useme umeyapata wapi. Namba moja iliyonyooka sana inanuka. Na usijaze pengo kwa "jina la taasisi litachafuka" bila kusema kuchafuka huko kutaonekana wapi: wanachama wangapi watatoa hisa, mzabuni gani atadai alipwe kabla ya kuleta mzigo.

Pale wastani unapodanganya

Sasa, hesabu hii ina udhaifu mmoja, na anayeutaka ukuu aujue mapema. Inafanya kazi vizuri kwa hasara za mara kwa mara. Kwa tukio linaloweza kuja mara moja na kufunga biashara, wastani unaliyeyusha hadi lionekane dogo.

Maersk, ambao makontena yao kila mtu wa bandari ya Mombasa au Dar es Salaam anayajua, walipigwa na NotPetya, programu haribifu inayosambaa yenyewe, tarehe 27 Juni 2017. Haikuwa imewalenga wao. Ililenga Ukraine, ikawapitia. Ndani ya saa chache kompyuta zilizima ofisi hadi ofisi, malori yakapanga foleni kwenye mageti ya bandari bila mtu wa kuwaambia kontena lipi liende wapi. Kampuni ilisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku 10, na hasara ikawa kati ya dola milioni 250 na milioni 300. Ila jambo lililotaka kuwashinda ni dogo kwa macho. Seva zinazotunza ramani ya nani ni nani kwenye mtandao wa kampuni zilikuwa nyingi, zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na hilo ndilo lililohesabika kuwa nakala ya akiba. Zote zilifutika pamoja. Ilibaki moja, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na seva ile ilikuwa nje ya mtandao. Mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo diski ilipokezanwa uwanja wa ndege Nigeria ili ifike kwa mafundi waliokuwa wakiijenga kampuni upya. Wanaolaani mgao wa umeme wana angalau kisa kimoja cha upande wa pili.

Kabla ya hapo, wataalamu wa ndani walishaonya, na mpango wa kuboresha usalama ulishakubaliwa na kutengewa fedha. Haukutekelezwa. Haukuwa miongoni mwa vigezo vya kupimia wakuu wa TEHAMA, kwa hiyo kuutekeleza hakukumwongezea mtu bonasi. Nimelirudia jambo hili mbele ya wakurugenzi wengi kwa sababu wanalielewa papo hapo, hata wale wanaosinzia ukitaja mwanya wa programu. Equifax walilielewa kwa njia ngumu: baada ya 2017 walifunga vigezo vya usalama kwenye bonasi za wafanyakazi. Ukitaka kujua kampuni inajali nini, soma kinachowalipa watu wake.

Kwa matukio ya namna hii, usiulize yatagharimu kiasi gani kwa wastani wa mwaka. Uliza tutaishi siku ngapi bila mfumo, na nani ana idhini ya kuamua turudi kwenye karatasi. Kenya ililiona hilo Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan lilipoizidi nguvu eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Viza za mtandaoni zikakwama, serikali ikaamua wageni wapewe viza wakifika. Huo haukuwa uamuzi wa mtu wa seva. Mkuu wa usalama mzuri anahakikisha uamuzi wa aina hiyo umeshaandikwa, una jina la mwenye kuutoa, na umejaribiwa, kabla ya siku yenyewe.

Karatasi ya bodi

Nimeona taarifa nyingi za bodi zinazoanza hivi: fayawoli imezuia majaribio milioni 3 mwezi huu, mianya 1,417 imebainika, kati yake 212 ni ya hatari kubwa. Mjumbe akiuliza kama hiyo ni habari njema au mbaya, mwandishi mwenyewe anababaika. Taarifa inayofanya kazi ina ukurasa mmoja: mambo matatu yanayoweza kutunyang'anya fedha au leseni mwaka huu, kila moja na masafa yake ya shilingi, nani anaimiliki, imepanda au imeshuka tangu kikao kilichopita, na uamuzi gani tunaomba leo. Mianya 1,417 ibaki kwenye kiambatisho. Hakuna mjumbe atakayekifungua, na si vibaya.

Sheria nazo ni nguzo ya kuegemea, ukizijua. Mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya wa Agosti 2017 unataka taasisi iwe na mkuu wa usalama wa taarifa, na tukio kubwa liripotiwe ndani ya saa 24. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna taarifa binafsi zikivuja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Benki ya Nairobi iliyodukuliwa Ijumaa jioni ina makataa mawili tofauti, ya saa 24 na ya saa 72, yanayokimbia kwa pamoja, wakati mafundi hawajajua hata nini kimechukuliwa. Anayeweza kukaa kati ya mwanasheria, msemaji wa kampuni na mafundi wikiendi hiyo, akaandika taarifa ya ukurasa mmoja isiyo na uongo wala kukisia, huyo ndiye mkuu, hata kama kadi yake bado inasema afisa.

Njia ya kufika huko

Hakuna ngazi moja. Vyeti vya usalama kama CISSP, kinachotaka uzoefu wa miaka 5, na CISM cha chama cha ISACA vinafungua mlango wa usaili na vina thamani hiyo. Ila nafasi ya juu inatafutwa kwa kwenda pembeni. Omba kuazimwa miezi kadhaa kwenye kitengo cha vihatarishi, ukaguzi wa ndani, au timu inayoshughulikia udanganyifu. Hiyo ya udanganyifu naipenda kuliko zote kwa Afrika Mashariki, maana kwetu wizi wa mtandao na wizi wa pesa za simu ni kitu kimoja, na hapo kila tukio lina shilingi zake tayari.

Soma taarifa ya mwaka ya mwajiri wako kama mwekezaji anavyoisoma. Benki zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya Nairobi na Dar es Salaam huzitoa hadharani. Anzia mapato yanatoka wapi, kisha sehemu ya vihatarishi, uone wamesema nini kuhusu mtandao na wamejifunga kwa lipi. Mtu wa usalama anayejua kwamba nusu ya mapato ya ada inapita kwenye huduma moja ataanza kulinda huduma hiyo, na hatatumia mwaka mzima kubishania programu ya kuzuia virusi kwenye kompyuta za mapokezi. Shahada ya uzamili ya biashara ni nzuri kwa anayeimudu. Kwa asiyeimudu, kukaa na mhasibu wa kampuni mwisho wa mwezi akifunga vitabu kunafundisha mengi, tena bure.

Jifunze kusema ndiyo yenye masharti. Idara ya masoko ikitaka kuzindua huduma Jumatatu, na wewe una wasiwasi na sehemu moja, pendekeza izinduliwe kwa wateja wachache wenye kikomo kidogo cha muamala wakati sehemu hiyo inarekebishwa. Ukifanya hivyo mara kadhaa, utaanza kuitwa mradi ukiwa bado kwenye ubao.

Taasisi ndogo nyingi haziwezi kumlipa mkuu wa kudumu, kwa hiyo zinamtumia mtu mmoja kwa siku chache za mwezi. Kwa mwenye miaka yake ya kazi, SACCOS tatu au nne za namna hiyo ni shule nzuri kuliko miaka mitano ndani ya idara moja ya benki kubwa: unakaa mbele ya bodi tangu mwezi wa kwanza.

Kabla ya kusaini mkataba

Cheo hiki sasa kinaweza kukufikisha mahakamani. Joe Sullivan alikuwa mkuu wa usalama wa Uber, na kabla ya hapo mwendesha mashtaka wa serikali ya Marekani. Mwaka 2016 wadukuzi wawili walichukua taarifa za watu milioni 57. Walilipwa dola 100,000 kupitia mpango wa kuwazawadia wanaogundua mianya, wakasainishwa mkataba wa kunyamaza, na wadhibiti, waliokuwa wakiichunguza Uber wakati huo huo, hawakuambiwa. Oktoba 2022 Sullivan alipatikana na hatia ya kuzuia uchunguzi na kuficha kosa la jinai. Mei 2023 akapewa kifungo cha nje cha miaka 3 na faini ya dola 50,000. Rufaa yake ilikataliwa mwaka 2025. Mkurugenzi mtendaji wa wakati ule, ambaye alijua, hakushtakiwa. Tim Brown, mkuu wa usalama wa kampuni ya programu ya SolarWinds, alishtakiwa na wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani Oktoba 2023 kwa madai kwamba kampuni ilijisifia usalama isiokuwa nao. Jaji akatupa sehemu kubwa ya madai Julai 2024, na kesi ikaondolewa mwishoni mwa 2025. Miaka miwili hivi ya maisha yake ilikuwa imeshakwenda.

Hukumu ya Sullivan haikutokana na kudukuliwa. Ilitokana na kilichoambiwa na kisichoambiwa wadhibiti. Kwa hiyo ukipewa barua ya ajira, mshahara uujadili, sawa, lakini usisaini kabla ya kuona maandishi kuhusu nani anaamua kama tukio liripotiwe, na kwamba si wewe peke yako. Uliza kama bima ya wakurugenzi na maofisa inakutaja kwa cheo, na kama italipia wakili wako mwenyewe, maana wakili wa kampuni ni wa kampuni. Uliza kama njia yako ya kufika kamati ya bodi imo kwenye hati ya kamati yenyewe au ni ahadi ya mdomo tu. Uliza kama kuna fomu ya kukubali hatari, ile ambayo mkuu wa mikopo anasaini akisema nimeelezwa, nimeelewa, naendelea, pamoja na tarehe ya kuipitia upya. Kama haipo, omba uruhusiwe kuileta ndani ya siku 90 za kwanza, na ombi hilo liandikwe. Mwisho, waulize kwa heshima aliyekutangulia aliondoka kwa nini, na kama hawana neno, wakupe namba yake ya simu.